Mwenye mbio kuliko wote, ndiye atakayeruka mbali kuliko wote?

Swali limetoka kwa mwalimu wa michezo wa sekondari moja wilayani Kongwa: "Shikamoo kocha. Nina kijana wa kidato cha tatu, anakimbia mita 100 kwa sekunde 11.2 na hapa kwetu hakuna wa kumgusa. Wenzangu wananiambia nimwingize na kwenye kuruka chini, eti mwenye mbio ndiye mrukaji. Wanasema hata Usain Bolt angeamua kuruka, rekodi ya dunia ingeanguka siku hiyo hiyo. Nimemjaribu mara tatu, hajavuka mita 5.80. Shida iko kwake, iko kwangu, au wenzangu wamekosea?"

Marahaba, mwalimu. Kijana hana shida, na wewe huna kosa la kukunyima usingizi. Wenzako ndio wamechukua ukweli mmoja wakausukuma mbali mno. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu maneno hayo nayasikia kila msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na nimeona watoto wanavyopoteza miaka miwili mitatu kwa ajili yake.

Tuanze pale walipo sahihi. Kuruka chini ni mbio kwanza, kuruka baadaye. Wanaume wa kiwango cha dunia hufika ubaoni, pale mguu unapogonga ili kuruka, wakiwa na kasi inayokaribia mita 11 kwa sekunde. Asiye na kasi hafiki mita 8, hata awe na miguu ya swala. Kwa mtu anayejua kuruka, ukimwongezea kasi ya sehemu ya kumi ya mita kwa sekunde, umemwongezea kama sentimita 10 mchangani. Ndiyo maana Jesse Owens alichukua dhahabu ya mita 100, ya 200 na ya kuruka chini kwenye Olimpiki ile ile ya Berlin mwaka 1936, pamoja na ya kupokezana vijiti. Carl Lewis naye alishinda kuruka chini kwenye Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1984 hadi 1996, huku akiwa mmoja wa watu wenye mbio kuliko wote duniani. Na si mambo ya zamani tu: mwaka 2016 Jarrion Lawson alishinda mita 100, mita 200 na kuruka chini kwenye mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mtu mwingine tangu Owens.

Basi watu wakiyaona majina hayo wanafunga mjadala. Mimi naomba tuyatazame kwa karibu zaidi.

Owens alikuwa anaruka tangu utotoni. Mwaka 1933, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari mjini Cleveland, tayari alikuwa amevuka mita 7.5. Miaka miwili baadaye, mjini Ann Arbor, aliruka mara moja tu siku hiyo na akaweka rekodi ya dunia ya mita 8.13 iliyodumu mpaka 1960. Sasa mtazame Lewis. Alipomaliza sekondari mwaka 1979 alikuwa ameruka mita 8.13, umbali ule ule wa Owens, wakati jina lake kwenye mita 100 lilikuwa bado halijavuma. Watu humkumbuka Lewis kama mkimbiaji aliyejaribu kuruka akafaulu. Ukweli ni kwamba alikuwa mrukaji ambaye mbio zake ziliendelea kukua mpaka zikawa za kwanza duniani. Hao wawili hawakuhamishwa kutoka mbio kwenda mchangani wakiwa wamekomaa. Walikua na michezo yote miwili.

Halafu kuna mashindano ya dunia ya Tokyo, 1991. Mwalimu, kama kuna jioni moja ya riadha ambayo ningependa kila mwalimu wa michezo aijue, ni ile ya tarehe 30 Agosti. Siku tano kabla yake Lewis alikuwa ameshinda mita 100 kwa sekunde 9.86, rekodi ya dunia. Kwenye kuruka chini alikuwa hajafungwa kwa miaka kumi, mashindano 65. Jioni hiyo akaruka kuliko alivyowahi kuruka maishani: 8.91 kwa msaada wa upepo uliozidi kiwango, kisha 8.87 halali, kisha 8.84. Na akafungwa. Mike Powell, kwenye mruko wake wa tano, alitua mita 8.95, rekodi ambayo mpaka leo haijavunjwa. Muda bora wa Powell kwenye mita 100 ni sekunde 10.45. Wangeshindana mbio hao wawili, kila mmoja kwenye siku yake bora, Lewis angekata utepe Powell akiwa nyuma yake kwa zaidi ya mita tano. Ila kwenye mchanga Powell alikuwa mbele kwa sentimita 8 dhidi ya halali bora ya Lewis. Powell, alipokuwa kijana, alianzia kuruka juu.

Tofauti hiyo ilitoka ubaoni, na hapa naomba uchukue penseli.

Mguu wa mrukaji unakaa ubaoni kwa muda wa sekunde 0.12 hivi. Ndani ya muda huo lazima ageuze sehemu ya kasi ya mbele iwe kasi ya kwenda juu, na kugeuza huko kunamgharimu: anapoteza kama mita moja kwa sekunde ya kasi ya mbele, wakati mwingine zaidi. Tuseme mrukaji mzuri anaondoka ubaoni na kasi ya mbele ya mita 9.5 kwa sekunde na ya kwenda juu mita 3.3. Ukikadiria kwamba kitovu cha uzito wake kinashuka sentimita 60 tangu aondoke mpaka atue, atakaa hewani sekunde 0.82 na kusafiri mita 7.8. Sasa chukua mkimbiaji ambaye hakukubali kupoteza kasi. Anaondoka na mita 10.5 kwa sekunde kwenda mbele, lakini juu amepata mita 2 tu. Huyo anakaa hewani sekunde 0.61, anasafiri mita 6.4. Ana kasi zaidi kwa mita nzima kila sekunde, na bado ameachwa kwa mita 1.4. Ukichora pembe ya yule wa kwanza utaona ni nyuzi 19 hivi, na warukaji wakubwa wengi wako kati ya 18 na 22. Wanafunzi wako wa fizikia watakuuliza kwa nini si 45. Waambie hakuna mguu wa binadamu unaoweza kutengeneza kasi ya juu iliyo sawa na ya mbele ndani ya sekunde 0.12.

Mkimbiaji hodari amefundishwa kinyume na hayo. Maisha yake yote ameambiwa mguu usikae chini, nyonga zibaki juu, asifunge breki popote. Mrukaji anatakiwa, hatua mbili kabla ya ubao, ashushe nyonga kidogo bila kupunguza mbio. Hatua ya kabla ya mwisho inakuwa ndefu, ya mwisho fupi, na mguu wa kurukia unatangulia mbele ya mwili ukiwa umekazwa kama mwimo wa mlango. Mwili unapita juu ya mguu huo na kunyanyuka. Goti likilegea hata kidogo, yote yamekwisha. Nguvu inayoupiga mguu huo ni uzito wa mwili mara kadhaa, na mtu ambaye mifupa na mishipa yake haijazoeshwa kwa miaka hawezi kuipokea kwa sababu tu ana mbio. Mwili wake wenyewe utakataa. Utamwona anakunja goti kabla ya kugonga, si kwa woga, bali kwa kujilinda.

Bolt je? Nampenda sana Bolt, na sina shaka kwamba angefundishwa kuruka tangu akiwa na miaka kumi na mbili angefika mbali. Ila lile la kuvunja rekodi siku hiyo hiyo nalikataa, na sababu iko kwenye takwimu zake mwenyewe. Siku alipokimbia 9.58 Berlin mwaka 2009, kipande cha kutoka mita 20 hadi 40 alikitumia sekunde 1.75. Kipande cha kutoka mita 60 hadi 80 alikitumia sekunde 1.61, na hapo ndipo alipokuwa na kasi iliyomtisha kila mtu. Mrukaji anakimbilia mita 40 hadi 50 hivi. Maana yake ubao ungemfikia Bolt kabla hajafika kwenye kasi ile tunayoisifu. Mtu mrefu wa mita 1.95, mwenye hatua ndefu kiasi cha kumaliza mita 100 kwa hatua 41, angelazimika pia kugonga ubao wenye upana wa sentimita 20 bila kuuvuka hata kwa unywele. Kasi angekuwa nayo ya kutosha na kubaki. Mita 8.95 ni kitu kingine.

Kwa wanawake ni hivyo hivyo. Heike Drechsler wa Ujerumani Mashariki, mwaka 1986, alifikia rekodi ya dunia ya mita 200, sekunde 21.71, na mwaka huo huo akaruka mita 7.45. Huyo alikuwa na vyote viwili. Marion Jones alikuwa mwanamke mwenye mbio kuliko wote wakati wa Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, akataka dhahabu ya kuruka chini pia, akaishia nafasi ya tatu. Aliyeshinda alikuwa Drechsler, akiwa na miaka 35. (Medali za Jones zilifutwa baadaye kwa sababu ya dawa zilizokatazwa, na ilistahili zifutwe. Lakini hata akiwa na dawa, ubao haukumhurumia.) Chioma Ajunwa wa Nigeria aliyeshinda Atlanta mwaka 1996 kwa mita 7.12 alikuwa amekuwamo hata kwenye kikosi cha nchi yake cha Kombe la Dunia la soka la wanawake. Na Miltiadis Tentoglou wa Ugiriki, bingwa wa Olimpiki mara mbili sasa, alianza kwa kuruka kuta na ngazi mitaani kama watoto wanavyocheza.

Mmoja nimtaje kwa sababu damu yake ni ya kwetu. Malaika Mihambo wa Ujerumani, ambaye baba yake anatoka Zanzibar, aliruka mita 7.30 kwenye mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2019, kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo kwa mita 7.00 kwenye mruko wake wa mwisho kabisa. Alipokuwa tayari bingwa wa dunia alipanga kuhamia Houston akafundishwe na Carl Lewis, korona ikazuia safari. Mtu aliyekwisha kutwaa dunia anaona bado kuna la kujifunza. Waonyeshe mabinti wako picha yake.

Sasa kijana wako.

Kwanza ile 11.2. Kama umepima kwa stopwochi mkononi, ongeza karibu robo sekunde ndipo upate muda wa mashine. Kidole huchelewa kuanza na huwahi kusimamisha. Pima na uwanja wenyewe kwa futikamba, nimekuta viwanja vingi vya "mita 100" vyenye mita 96. Hata ikiwa ni 11.4, kwa mtoto wa kidato cha tatu anayekimbia kwenye changarawe, ni kipaji, usikidharau.

Pili, 5.80 yake. Nilikuwa na kijana wa namna hiyo hapa Dodoma, mkimbiaji mzuri kweli. Kila akiruka ilikuwa 5.90, 5.85, 5.90, kama mtu anayesoma namba ukutani. Nikamwambia aje alfajiri kabla upepo haujaanza. Tukachota vumbi laini la pembeni mwa uwanja, lile jekundu linaloingia mpaka kwenye soksi, tukalitandaza kwenye mita kumi za mwisho kabla ya ubao, tukalisawazisha kwa ubao wa dawati bovu. Akaruka mara moja. Kisha tukapiga magoti wote wawili na futikamba. Hatua ya tatu kutoka mwisho: mita 1.95. Ya pili kutoka mwisho: 1.80. Ya mwisho: 2.25. Yaani alikuwa anapiga vihatua kuutafuta ubao, halafu anajinyoosha kuufikia. Unyayo wa mwisho ulikuwa na shimo refu la kisigino na vumbi limesukumwa mbele. Ile ni breki, mwalimu. Mbio zake zote zilikuwa zimeishia pale kwenye lile shimo. Kijana aliangalia zile alama kwa muda mrefu bila kusema kitu, halafu akasema, "Kumbe nasimama."

Fanya hivyo hivyo na wako. Unachotaka kuona ni ya kabla ya mwisho ikiwa ndefu kuliko ya mwisho, kwa sentimita 20 hivi, na unyayo wa mwisho umegonga bapa, wayo mzima kwa mkupuo mmoja.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji hata vumbi. Mruhusu aruke kwa hatua saba tu za kukimbilia, andika umbali. Siku nyingine, akiwa hajachoka, aruke kwa hatua kumi na tano. Mrukaji anayejua kutumia kasi ataongeza umbali vizuri. Asipoongeza kitu, au akiongeza sentimita chache tu, ujue kasi ya ziada haiingii kwenye mruko na kumrefushia njia ni kazi bure. Mpe pia arukeruke kwa mguu mmoja mara tano mfululizo, kila mguu kwa zamu. Akianguka au goti likikunjika kwenye mruko wa tatu, huo ndio mguu unaoomba mwaka mmoja wa kujengwa kabla hujauomba mita 7.

Mazoezi yake yawe mafupi. Siku mbili kwa wiki, hatua tano mpaka saba, miruko minane au kumi, basi. Afanye akiwa mbichi, si baada ya mbio. Umfundishe neno moja kwa wiki, si sita: wiki hii hatua ndefu kisha fupi, wiki ijayo goti la mguu mwingine lipande. Mambo ya kupiga mikasi hewani yaache kabisa. Mikasi inamsaidia kutopinduka, haimwongezei safari. Hesabu za hatua zikikaa sawa ndipo umrudishe nyuma, hatua mbili mbili. Na akianza kugonga ubao vizuri huku macho yake yakiwa mbele, si chini, utajua mwili umeelewa.

Lile shimo la mchanga nalo, tafadhali. Niliwahi kumshuhudia mkimbiaji wa kijiti cha mwisho akivunjika kifundo cha mguu kwenye shimo la shule moja, siku moja kabla ya fainali, kwa sababu mchanga ulikuwa haujachimbuliwa tangu mwaka uliopita na chini yake kulikuwa na udongo uliokauka kama saruji. Yule binti hakukimbia tena msimu ule. Mchanga wa makorongo yetu ni mzuri sana kwa kazi hii. Uchekeche, toa mawe na miiba, jaza angalau kina cha sentimita 30, na kila mara kabla ya kuruka uchimbue kwa jembe na kuumwagia maji kidogo.

Upepo wa huku unaujua mwenyewe. Ukizidi mita 2 kwa sekunde ukimsukuma mgongoni, umbali haukubaliki kuwa rekodi ingawa kwenye mashindano unahesabiwa. Huku kwetu tuna jambo jingine pia: Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na watunza takwimu huweka alama kwenye matokeo ya mahali kama hapa. Usiogope alama hiyo, lakini akiruka 6.50 Dodoma siku ya upepo, usimwahidi 6.50 Dar es Salaam.

Watu wa kanda yetu tunajivunia mbio ndefu, na kwa haki. Alphonce Simbu wa Singida ametuletea dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo mwaka 2025, kwa tofauti ya vipande vya sekunde. Kuruka chini hatujakulelea watoto kwa namna ile. Tunakukumbuka wiki mbili kabla ya mashindano, tunamkamata mwenye mbio, tunamwambia aruke, akishindwa tunasema hana kipaji. Hilo linaniuma, kwa sababu wapo watoto wa darasa la tano na la sita ambao sasa hivi wanaruka mifereji na madimbwi njia nzima ya shule, na hakuna anayewapima. Ukienda kusaidia UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, tafuta hao. Usimtazame wa kwanza tu kwenye mbio. Mtazame na wa tatu au wa nne ambaye kila akiruka, mguu unalia ubaoni.

Kwa mwaka huu kijana wako akimbie mita 100 na kijiti, hapo ndipo atakapokusaidia. Kuruka aendelee mazoezini kwa hatua saba. Usimwandikishe kwenye kuruka chini mpaka miruko mitatu kati ya mitano ya hatua saba ivuke mita 5.60 bila vihatua vya kutafuta ubao. Ukishapima hatua zake tatu za mwisho kwenye vumbi, niandikie namba hizo, na uniambie anarukia mguu gani.